Mwanamke Waliyemleta

Ukipotea, utapenda utafutwe na nani: mtu anayekujua wewe, au mtu anayewajua watu wa namna yako? Usinijibu haraka. Fikiri kwanza. Watu wa mji wetu walikwisha kujibu zamani, kabla hawajaulizwa, na jibu lao ndilo tulilokuwa tukiishi nalo, tukila nalo, tukilala nalo. Nami nililala nalo vizuri tu, mpaka siku alipopotea wa kwangu.

Siku gani, sijui. Jua la mji wetu halina adabu. Huchomoza, likafika utosini, likajichokea, likarudi lilikotoka, nasi tukaambiwa tukatandike vitanda upya kwa kuwa ile siku imefutwa. Niliwahi kupika uji asubuhi moja nikaunywa asubuhi ya jana yake. Kwa hiyo mtu akikwambia jambo fulani lilitokea lini katika mji huu, mwambie akapumzike. Sisi tunajua kabla ya upepo na baada ya upepo, basi.

Upepo wenyewe huvuma kutoka Bonde Jeupe, ng'ambo ya ukuta. Ardhi ya bonde hilo ni vumbi jeupe, laini mfano wa unga wa muhogo, na mti hauoti. Upepo wake hauvunji mfupa wala hauchani nguo. Unachukua jina. Mtu ukimkuta huko nje, na hana mwenziwe wa kumwita kwa jina lake, tena na tena mpaka utulie, atarudi mjini mzima wa afya. Atakula, atatembea, atafua nguo. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, atakutazama midomo tu, akingoja wewe umwambie. Watu hao hatuwafukuzi. Tunawapokea vizuri mno, tunawapa nyumba iliyopungukiwa na mtu, tunawaambia kaa hapa, wewe ndiye fulani. Hilo ndilo lilianza kunitia wasiwasi, maana mji wetu si wa kumpokea mtu vizuri hivi hivi.

Sisi tuko namna mbili, Watu wa Masizi na Watu wa Chokaa, na kila namna ina majike na madume, utadhani tunafugwa. Mambo ya kila namna yanajulikana. Mwanamume wa Masizi ana nguvu na hana mawazo. Mwanamume wa Chokaa ana mawazo na hapendi kungojeshwa, tena ni mlaji. Mwanamke wa Chokaa ni dhaifu, hata mlango afunguliwe. Mwanamke wa Masizi, yaani mie, hasikii maumivu. Nani kasema? Hakuna aliyesema. Nimeishi miaka yote hiyo nikitafuta mtu wa kwanza kusema ili nimkamate koo, simpati, kila mmoja anasema na yeye kasikia.

Katikati ya mji kuna Ukumbi wa Kalibu. Ndani yake umesimamishwa ukuta wa mbao nene, na katika mbao hizo yamekatwa matundu manne yenye umbo la mtu. Tundu la mwanamume wa Chokaa ni refu, lina nafasi ya kichwa, mtu anapita amenyoosha shingo. La mwanamume wa Masizi ni mabega matupu, kichwa utajua mwenyewe pa kukiweka. La mwanamke wa Chokaa ni jembamba hata pumzi ukiivuta unakwama. La kwetu limekatwa shingo imeinama na mikono imeinuka, umbo la mtu aliyejitwika mzigo, na huwezi kulipita bila kuinama hivyo. Mtoto akizaliwa hupitishwa. Akiolewa hupitishwa. Akitiliwa shaka hupitishwa, na akishapita hakuna wa kumwuliza neno tena. Nimeyafikiri sana matundu yale. Tundu ni nini? Si kitu, ni mahali palipokosekana ubao. Na bado sisi tulio na nyama na mifupa ndio tunaojikunja ili tulitoshe.

Mwanangu Tunu alikwama bega. Alikuwa na siku chache tu duniani. Wakampaka mafuta, wakavuta, naye akalia hadi sauti ikamkauka. Wanawake waliokuwapo wakasema huyu mbona analia Kichokaa, na mie kwa haya nikamziba mdomo kwa titi. Akapita. Wakapiga vigelegele, tukarudi nyumbani.

Akakua hivyo hivyo, bega nje. Mwoga wa mwiba, mgomvi, anacheka palipofiwa, anaimba vibaya na anajua anaimba vibaya na hanyamazi. Nilimpenda kwa namna ambayo ilinichosha. Akaolewa na Ngwali, kijana mpole wa Masizi, asiye na neno na mtu, na nyumba yao ilisikika kutoka mtaa wa pili.

Kilichompoteza ni jino. Jino la nyuma, lilianza kumwuma, shavu likavimba likawa chungu kizima. Akaenda kwa mganga wa mji. Mganga akamtazama tangu mlangoni, akamwambia mpishe huyu mwanamke wa Chokaa nyuma yako, ana maumivu. Tunu akampisha. Akaja mwingine wa Chokaa, akampisha. Zamu yake ilipofika mganga akaosha mikono, akamwambia nyie hamuumwi, nenda kapike, litajitoa lenyewe. Tunu akarudi nyumbani, akavaa suruali ya Ngwali kwa ajili ya miamba ya bondeni, akasema ng'ambo ya Bonde Jeupe kuna mji mwingine na mji huo hauwezi kukosa mganga. Ngwali akamwambia ngoja kwanza. Akamjibu kwamba jino halijui kungoja. Jua likaenda, likarudi, likaenda, na yeye hakurudi.

Nilikwenda kwa Bwana Tambaza, mkuu wa wasakaji. Wasakaji ndio wenye ruhusa ya kutoka nje ya ukuta kuwatafuta waliopotea, na Bwana Tambaza, mtu wa Chokaa mwenye sauti ya upole ya kukufanya utake kumpiga, alinikaribisha kiti. Nikaanza kumweleza. Shavu limevimba la kushoto, nikamwambia, amevaa suruali, sauti yake imekwaruza kidogo kwa maumivu, ni mwoga, ukimwita mwite kwa utaratibu. Akainua kiganja.

"Ni wa kike?"

"Ni wa kike."

"Wa Masizi?"

"Si unaniona."

"Yatosha, Mama Tunu."

Akanieleza kwa utulivu kwamba hayo mengine yanachelewesha kazi. Wasakaji hawaiti jina. Majina yanachanganya, watu wawili huwa na jina moja, mmoja huwa na majina mawili, lakini namna ziko nne tu na hazijawahi kuchanganya mtu. Wakifika bondeni huita namna, mwenye namna yake huitika, nao humleta. Nikamwambia na upepo je, unanukia tayari, vumbi limeanza kupanda ukutani. Akasema ndiyo maana wanafanya haraka. Hakusema vibaya, hakunitukana. Laiti angenitukana ningejua pa kumshika.

Wakaenda, wakarudi. Watu wakakimbilia ukumbini, na mie mbele yao. Nikaona wasakaji wamemzunguka mwanamke. Alikuwa mrefu kumpita Tunu, mkubwa wake kwa umri, ana kovu kwenye nyusi, kichwani amejitwika kuni zake ambazo hawakumwacha azitue. Mashavu yake yote mawili mazima. Wakamwelekeza tunduni. Akainama, akainua mikono, akapita bila kugusa ubao, maana mzigo alikuwa nao tayari. Wakapiga makofi. Bwana Tambaza akanigeukia, akatabasamu, akasema hongera.

Nikasema huyu si mwanangu.

Akasema furaha huwafanya wazazi hivyo.

Nikasema tena, nikapaza sauti, huyu si Tunu, simjui, sijawahi kumwona. Watu wakaanza kunitazama kwa huruma. Hapo nilipandwa na hasira, nikavua viatu, nikalifuata lile tundu, nikainama, nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Kisha nikasimama mbele ya watu wote nikihema.

"Nimepita," nikamwambia. "Na mie basi ni Tunu?"

Bwana Tambaza alilifikiria. Ni mtu wa haki, hulifikiria kila jambo.

"Kama ungekuwa umepotea," akasema, "ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Na mie nilibaki pale na miguu mitupu, nikijiuliza kama kweli sijapotea. Wananiita Mama Tunu tangu Tunu alipotoka tumboni. Kabla yake waliniita mke wa fulani, na kabla ya hapo binti fulani. Jina langu lenyewe ni lini mtu alilitamka mara ya mwisho? Nilikuwa nalo, nalijua, lakini lilikaa kinywani kwangu peke yangu, nguo ya sandukuni isiyovaliwa. Na sasa kama yule mwenye kuni ndiye Tunu, basi mie ni mama yake, sherehe imekwisha, twende nyumbani tukale. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho. Ningenyamaza tu.

Wakampeleka nyumbani kwa Ngwali. Nikaenda nyuma yao, nikisema moyoni mume atasema, mume hawezi kutojua mke aliyelala naye. Nilipofika nilimkuta amekwisha kumtolea kanga za Tunu na kumwonyesha unga ulipo. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti jikoni anapuliza moto. Nikamshika Ngwali mkono, nikamtoa nje, nikamwuliza, baba, huyu ni mkeo?

Alirudisha mlango wa jikoni.

"Mama, na mimi nina macho," akasema. "Lakini sikiliza mwenyewe. Nyumba imetulia."

Nikasikiliza. Ilikuwa imetulia kweli. Sikupata kumchukia Ngwali hata pale, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu nilimwona ni mtu aliyechoka, anayeogopa wasakaji, aliyepewa kitu kinachofanana na alichokuwa nacho na hakina kelele. Nilimwachia mkono. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaelekea ukutani, kwenye ufa ambao kila mtu anaujua na kila mtu anajifanya haujui.

Nilikuwa nimekwisha kutoka nje nilipogeuka nikamwona yule mwanamke ananifuata. Amechukua kibuyu cha maji. Nikamwuliza ananifuata nini, si ameshapata nyumba.

"Walinitoa huko huko bondeni, napita na kuni zangu," akasema. "Njia naijua."

Basi nikamwacha aje. Tukashuka bondeni, yeye mbele, mie nyuma nikisema. Mie nikiwa na hofu nasema, ndivyo nilivyo. Nikamweleza habari za Tunu tangu bega mpaka jino. Nikamwambia hawa watu wana wazimu, wanadhani mtu ni sahani, moja ikivunjika unachukua nyingine. Mwanangu ana jina, nikamwambia, mwanangu hana mfano wake, mwanangu huwezi kumtia kwenye ubao. Nilisema maneno mazuri sana. Yule mwanamke alikuwa akigeuka mara moja moja kunipa mkono palipo na mteremko. Kuna mahali alisimama, akapumua, akaanza kusema, na mimi huko kwetu nilikuwa, na kabla hajamaliza nikamkata. Nikamwambia ngoja, mwenzangu, hayo tutazungumza, kwanza tumpate Tunu, upepo huo. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Bonde Jeupe halina kivuli. Mwamba wa karibu unaonekana mbali na wa mbali unaukanyaga. Nilikuwa nikiita. Tunu! Naita kwa jina, siiti namna, naita kama mama anavyoita. Tunu wee! Vumbi lilikuwa limeanza kutambaa chini, linazunguka miguu yetu, na nilijua kwamba likifika kifuani ndio upepo wenyewe.

Nyuma ya mwamba mmoja tukamkuta mwanamume wa Chokaa. Ameketi ameegemea jiwe, mweupe pe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, amevaa suruali, mguu mmoja ameunyoosha vibaya. Shavu moja limejaa. Nikadhani anatafuna kitu, maana hawa hawaachi kula hata bondeni. Sikusimama. Nilimpita nikiita, Tunu!

"Naam," akaitika.

Sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu aliyelala na kiu. Nikageuka nikamtazama kwa ghadhabu. Mwanamume mzima, namwita mwanangu wa kike, yeye anaitika. Nikamwambia sikukuita wewe, baba, natafuta mwanamke. Akainua mkono, akasema neno ambalo halikutoka sawasawa, akaguna. Nikamwambia avumilie, watu wake watakuja, hakuna mwanamume wa Chokaa aliyewahi kuachwa nje ya ukuta huu. Na sikusema uongo. Nikaendelea na njia yangu, nimejaa uchungu wangu na haki yangu.

Kisha jua likafanya kile linachofanya. Likarudi nyuma hatua kadhaa, na sisi nalo, na nikajikuta naukaribia tena mwamba ule ule, yule mtu ameketi pale pale. Nikaita, Tunu! Safari hii hakuitika. Alinitazama tu napita. Macho yake yalinifuata mpaka nikapotea upande wa pili, na mie nikasema moyoni, hawa watu jamani, hata kuomba msaada wanaomba kwa kiburi.

Nilipogeuka yule mwanamke hakuwapo. Nikarudi nikitukana. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya yule mtu, amemshika kisogo, anamnywesha maji kwenye kibuyu. Nikamwambia tunapoteza wakati, upepo huo umefika magotini, ana watu wake huyu. Hakunyanyuka.

"Umeita jina," akasema, "kaitika."

"Kaitika naam!"

"Kaitika."

Akachukua pindo la kanga, akaanza kumfuta uso. Alifuta polepole, kwa kuzunguka lile shavu. Vumbi likatoka, na chini ya vumbi pakatokea weusi, na nyusi, na pua niliyoizaa. Nikakaa chini. Mwanangu. Mwanangu niliyemwimba bonde zima kwamba hana mfano wake. Na unajua neno langu la kwanza kwake lilikuwa lipi? Sikusema pole. Sikusema nimekupata. Mdomo wangu, peke yake, ulifunguka ukamgombeza.

"Kwa nini hukuitika abee?"

Tunu alilamba midomo. Alikuwa hana nguvu, kila neno lilimtoka kando ya lile jino.

"Niliitika abee, mama. Wasakaji walipita hapo hapo ulipokaa. Nikaitika, nikalia, mguu umevunjika, naomba. Bwana Tambaza akasimama akasikiliza. Akawaambia mwanamke wa Masizi halii hivyo, huyo ni ndege. Wakaenda zao."

Akanywa tena.

"Ndipo nikajipaka vumbi. Nikasema, mwanamume wa Chokaa akiguna tu, watu huja. Nitaitika naam, na atakayekuja nitamwomba radhi. Ukaja wewe."

Niliona haya. Sijui kupamba maneno, na haikuwa haya ya kuinamisha uso ikapita. Tundu lile la ukumbini nilikuwa nalo machoni. Nilikuwa nimelibeba mpaka bondeni, nikamwangalia mwanangu kupitia ndani yake, hakulitosha, nikampita. Mara mbili. Nikataka kumwambia Tunu kwamba nilikuwa na haraka ya kumtafuta yeye, nikaona neno lenyewe lilivyo la kipuuzi, nikalimeza. Mara ya pili mbona hukuitika, nikamwuliza. Akasema aliona hakuna haja, na hakusema kwa hasira.

Upepo ukafika.

Yule mwanamke hakungoja kuambiwa. Alimgeuzia Tunu mgongo, akamvuta mikono, akamweka mgongoni kama mtoto, akasimama naye, suruali, mguu uliovunjika na yote. Tukaanza kupanda. Mie pembeni nimemshika Tunu bega, lile lile lililokwama, naita. Tunu. Naam. Tunu. Naam. Abee. Naam, mama. Itika upendavyo, nikamwambia, itika tu. Tunu. Nipo. Vumbi limejaa mdomoni, sioni mkono wangu mwenyewe, na kila nikitamka lile jina nalihisi linavutwa, mtu analivuta upande wa pili, nalitamka tena. Tunu. Nipo.

Naye alikuwa akiniita. Mama. Mama. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanitoka. Nilikuwa nimekwisha kusahau nyumba yangu iko mtaa gani, na baba yangu alikuwa nani, na nilijua namwita huyu mtoto, lakini anayemwita ni nani? Mama ni namna. Kuna mama wangapi chini ya jua lile lisilo na adabu? Upepo ulinipita kifuani, ukaona hakuna mwenyewe ndani. Tunu aliniona ninavyomtazama. Alielewa kabla yangu, maana alikuwa kule kwenye kutoonekana muda mrefu kuliko mie. Akavuta pumzi, akavunja adabu niliyomfundisha tangu hajaota meno.

"Chausiku!" akaniita. "Chausiku wee!"

Hajawahi kuniita hivyo, na mtoto gani huita hivyo? Nilisikia lile jina linaingia, baridi, la zamani, langu. Nikaitika. Akaniita tena, nikaitika. Nami nikamwita, akasema nipo. Tukapanda hivyo, tukirushiana majina yetu juu ya mgongo wa yule mwanamke, na yule mwanamke anatembea. Sikumsikia akipumua wala akilalamika. Alikanyaga, akakanyaga. Mahali mteremko ulipokuwa mkali alishika jiwe kwa mkono mmoja na Tunu kwa mkono mwingine. Nakumbuka nilifikiri, ana nguvu huyu. Nakumbuka nilifikiri, hachoki.

Chini ya ukuta upepo ulikata, kwa ghafla. Vumbi likashuka. Tunu alikuwa analia kwa jino na mguu, analia kwa sauti, wala sikumziba mdomo. Tukamtua polepole tukamwegemeza ukutani. Nikajipapasa moyoni nikakuta vitu vyangu vyote viko, mtaa, baba, Chausiku, na furaha ikanijaa hata nikacheka peke yangu. Nikamgeukia yule mwanamke. Alikuwa amesimama anajipangusa mikono, ametulia, anatazama ule ufa wa ukuta kama mgeni anavyotazama mlango. Nikamshika mikono yake miwili. Nikamshukuru kwa maneno mengi. Nikamwambia tangu leo wewe ni ndugu yangu, ukiwa na shida nitakuwa wa kwanza kuja, nitakuita, mwenzangu, nitakuita popote ulipo.

Nikasita hapo.

"Jina lako nani?" nikamwuliza.

Akafungua mdomo, kwa wepesi, kama mtu anayejua anachokwenda kusema. Akaufunga. Akafungua tena. Akatazama mikono yake ndani ya mikono yangu, kisha akanitazama midomo.

"Nilikuwa nalo asubuhi," akasema.

Tunu alinyamaza kulia. Alimtazama yule mwanamke, akanitazama mie.

"Mama, hukumwuliza? Njia nzima?"

"Njia nzima, mwanangu," nikamwambia. "Njia nzima nilikuwa nikisema mie."